Kodiani Isiyofunguliwa

Mzee Nta alikutwa amelala chali kati ya meza yake ya kazi na kabati la vinanda vibovu, miwani bado iko usoni, kioo kimoja kimepasuka. Damu ilikuwa imemtoka kisogoni na kuganda kwenye sakafu ya saruji. Aliyemwona kwanza ni fundi cherehani wa mlango wa pili, saa moja na nusu asubuhi, alipokwenda kuazima bisibisi. Bisibisi hakuipata. Alipiga mayowe mpaka mtaa mzima ukajaa mlangoni.

Inspekta aliwasili saa mbili kasorobo akichechemea. Alikuwa na goti bovu na hasira za karibu, na hakuna aliyejua kwa hakika kipi kilimletea kingine. Nyuma yake alikuja Sajini, mwanamke mwembamba mwenye daftari mkononi na mdomo usiojua kupumzika.

"Goti vipi, afande?"

"Goti halijauawa. Tazama aliyeuawa."

Karakana ilikuwa chumba kimoja, hatua sita kwa nne, kinachonuka nta, gundi na ngozi kuukuu. Patasi, koleo na brashi zilining'inia ukutani, kila moja kwenye msumari wake. Pembeni mwa meza ilifungwa jiliwa ya chuma, ile ya kubania vitu vinapopigwa tupa. Pembe ya jiliwa ilikuwa na damu, na kwenye damu umenasa unywele mmoja mweupe.

"Kimeibwa nini?"

"Saa iko mkononi, pochi iko mfukoni, redio iko rafuni," alisema Sajini. "Kama ni mwizi, basi ni mwizi aliyeokoka."

Inspekta hakucheka. Alikuwa anatazama katikati ya meza.

Pale ilikaa kodiani ndogo, nyekundu iliyochujuka mpaka ikawa rangi ya ini. Ilikuwa kodiani ya mwanafunzi: vibao ishirini na sita vya kuchezea upande wa kulia, vitufe arobaini na vinane vya besi upande wa kushoto, na mikanda mifupi ya mabega ya mtoto. Taa ya mezani ilikuwa imeinamishwa karibu nayo, nayo bado inawaka. Kwenye mkanda kulifungwa kikaratasi chenye jina la mteja, tarehe ya juzi, na maneno mawili ya penseli: "Utambulisho. Tathmini."

"Kwa nini taa imeachwa inawaka?" aliuliza Inspekta.

"Labda hakupata nafasi ya kuizima."

"Labda. Iandike."

Daktari wa polisi aliinuka kutoka kwa maiti akijipangusa mikono.

"Amekufa jana, kati ya saa nane mchana na saa kumi na moja jioni. Alianguka kinyumenyume, kisogo kikagonga hiyo jiliwa. Fuvu limepasuka. Na kifuani ana mchubuko wa kusukumwa."

"Alikufa papo hapo?"

Daktari alisita. "Hapana. Damu imetoka muda. Nakadiria saa nzima. Angepelekwa hospitali mapema, huenda angepona."

Sajini aliacha kuandika.

Fundi cherehani aliketi kwenye ngazi ya duka lake, kashika tama, futi ya kupimia bado imemning'inia shingoni.

"Hukusikia kitu?"

"Mvua ya jana, Inspekta! Ilianza saa nane ikapiga bati mpaka saa kumi. Hata cherehani yangu mwenyewe sikuisikia."

"Ulimwona nani akiingia?"

"Mwanamke mmoja wa makamo, mavazi ya kiofisi, ana mwavuli. Aliingia matone ya kwanza yanaanguka. Akitoka sikumwona."

"Mzee alikuwa na adui?"

"Mzee Nta? Alikuwa mtu wa watu. Labda Besi. Fundi mwenzake, yuko kule nyuma ya stendi. Hawasemeshani mwaka wa kumi na moja huu."

"Waligombania nini?"

"Gundi."

"Gundi?"

"Ndani ya kodiani kuna ndimi za chuma ndizo zinazotoa sauti. Mmoja anasema zishikwe kwa nta, mwingine anasema gundi. Watu wazima kabisa, Inspekta. Wakakata kauli wasipeane hata salamu."

Sajini aliandika neno "gundi" na kulipigia mstari. Alishaona watu wakitiana visu kwa jambo dogo kuliko hilo.

Lakini Besi hakuwa na hatia. Jana mchana kutwa alikuwa akitengeneza kinanda cha ukumbi wa sherehe mbele ya watu waliokuwa wakipamba viti, na wote walimkumbuka kwa sababu ya sauti yake nzito iliyompa jina. Alipoambiwa kilichotokea, mtu yule mnene alikaa chini pale pale, sakafuni, akalia kwa sauti. Inspekta alimwacha alie, kisha akamwomba aje kituoni saa nane kuitazama kodiani.

Kabla ya hapo walikwenda kwa mwenye jina lililokuwa kwenye kikaratasi.

Nyumba ilikuwa ndogo na safi, mapazia yamefuliwa karibuni. Mwenyeji alikuwa karani mwandamizi katika ofisi ya kumbukumbu, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, nywele zimebanwa nyuma, kalamu mbili mfukoni ingawa alikuwa nyumbani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama yangu ni mgonjwa," alisema. "Daktari anasema wiki, labda mbili. Nimechukua likizo nimuuguze."

"Unamfahamu Mzee Nta?"

"Nilimpelekea kodiani."

"Jana ulikwenda?"

"Nilikwenda saa saba. Nikaondoka kabla ya mvua."

"Ameuawa."

Karani aliketi. Hakuuliza lini, hakuuliza vipi. Alisema tu, "Maskini."

Kutoka chumbani ilisikika sauti dhaifu. "Ni nani hao? Waingie. Waingie wasome."

Mama mzee alikuwa kitandani, amekonda, ila macho yake yalikuwa yanawaka. Alimpungia Inspekta mkono akae karibu.

"Wewe ni polisi, baba?"

"Ndiyo, mama."

"Afadhali umekuja. Na nyie muandike. Mwanangu hakuiba."

Akavuta karatasi kutoka chini ya mto. Ilikuwa na kichwa cha karakana ya Mzee Nta, sahihi, na muhuri wa zambarau. Inspekta aliisoma polepole.

"YAHUSU: UTAMBULISHO WA KODIANI YA SHULE," iliandikwa kwa wino, na chini ya maneno hayo imepigwa mistari miwili kwa rula. "Kwa kurejea somo hapo juu, nathibitisha kwamba kodiani tajwa imekaguliwa nje na ndani, na nambari yake inalingana na iliyomo kwenye daftari la bohari la shule."

"Nisimulie, mama," alisema Inspekta.

Mama alisimulia, na pale pumzi ilipomwishia, binti yake alimalizia akiwa amesimama mlangoni. Miaka thelathini iliyopita, kaka mkubwa wa Karani alikuwa na miaka kumi na saba, na katika shule nzima hakuna aliyeipiga kodiani kama yeye. Siku moja kodiani ikatoweka bohari. Mwalimu wa muziki akasema aliyeshika ufunguo mara ya mwisho ni kijana yule. Akafukuzwa shule mbele ya wenzake, na habari ikafika nyumbani kabla yake.

"Na mimi nikamfungia mlango," alisema mama. "Nilimwambia asikanyage hapa mpaka kodiani irudi. Alilia pale nje. Nilimsikia. Nilikuwa na kiburi, baba, niliogopa majirani. Akaenda kuvunja mawe machimboni. Mwezi wa nane tangu aende, mawe yakamwangukia."

Mama aliipapasa ile karatasi.

"Yeye hakurudi. Kodiani ndiyo iliyorudi."

Karani alieleza mengine huku amekaza macho ukutani. Mwalimu wa muziki alikuwa amefariki mwezi uliopita, na watoto wake wakauza vyombo vya nyumbani. Yeye alipita pale bila nia yoyote, akaiona kodiani nyekundu ndani ya sanduku la blanketi. Akainunua, akatafuta ofisini kwake daftari la zamani la bohari ya shule, akapata nambari, ila hakujua kwenye kodiani inagongwa wapi. Kilichobaki ni fundi wa kuthibitisha kwamba ndiyo yenyewe.

"Kama ndiyo," alisema, "basi mwalimu alikuwa nayo muda wote, na kaka yangu alikufa bure."

"Na fundi amethibitisha."

"Kama ulivyosoma."

Inspekta aliomba kuichukua karatasi. Mama aliitoa kwa shingo upande, akamwapisha kwamba atairudisha. Inspekta aliapa. Kiapo kile kilimuuma kuliko goti njia nzima.

"Afande," alisema Sajini ndani ya gari, "nimepekua majalada yote ya yule mzee. Hana 'yahusu' hata moja. Ripoti zake anaandika kwa penseli, mistari minne mitano. 'Mvukuto mbovu. Besi nzima. Haifai kuuzwa, inafaa kuchezwa.' Basi."

"Nimeona."

"Na mistari miwili ya rula. Nani anapiga rula siku hizi kama si karani?"

"Nimeona, Sajini."

"Nasema tu. Maana umenuna."

"Nimenuna kwa sababu nimeona."

Saa nane kamili Besi aliingia kituoni na mkoba wake wa vifaa. Inspekta aliisafisha meza yake, akaweka kodiani juu ya kitambaa. Wapiga picha na watu wa alama za vidole walikuwa wameshamaliza nayo.

Besi hakuigusa mara moja. Aliizunguka akiwa amefunga mikono nyuma. Kisha akainama, akainusa, akapitisha kidole gumba kwenye mikanda, akavuta mvukuto taratibu na kuusikiliza ukipumua. Akabonyeza kibao kimoja. Ilitoka sauti ya mafua.

"Ya mwanafunzi, imetengenezwa miaka arobaini au hamsini iliyopita. Viwanda vilikuwa vinatoa hizi kwa maelfu. Imefichwa, haikuchezwa. Mikunjo ya mvukuto haijachakaa pembeni, lakini kitambaa kimeota ukungu."

"Nambari yake?"

"Hii hapa, imegongwa kwenye kifuniko."

Sajini aliilinganisha na nakala ya daftari la bohari iliyotoka ofisi ya kumbukumbu. Akainua nyusi. "Hailingani, afande. Tarakimu tatu za mwisho ni nyingine kabisa."

"Ripoti inasema inalingana."

"Ripoti ipi?" aliuliza Besi.

Inspekta alimpa. Besi aliisoma, midomo ikisogea. Alipofika mwisho uso ulikuwa umemvimba.

"Nani kaandika upuuzi huu? 'Imekaguliwa nje na ndani'! Njoo uone, Inspekta. Hizi ni pini za mvukuto, ziko kumi na nne. Ukitaka kuingia ndani lazima uzichomoe. Tazama vichwa vyake. Vumbi limegandana na vanishi. Pini ikichomolewa mara moja tu, hapa panavunjika. Hii haijafunguliwa miaka nenda miaka rudi." Akaiweka karatasi mbali naye. "Yule mzee alinitukana miaka kumi na moja. Lakini hakuwahi kuandika kitu ambacho hajakiona kwa macho yake. Hakuwahi."

"Taa ilikuwa inawaka karibu nayo. Kwa nini?"

Besi alitoa leso.

"Ndimi zimeshikwa kwa nta. Nta ikikaa miaka mingi inakauka. Siku ya baridi, ya mvua, ukifungua kwa pupa inakatika, na ndimi zinamwagika zote. Kwa hiyo unaiacha usiku mmoja karibu na taa ipate joto. Asubuhi unafungua. Yeye ndiye aliyenifundisha. Kabla ya mambo ya gundi."

"Kwa hiyo alikuwa anangoja kesho."

"Alikuwa anangoja kesho."

"Na nambari ya nje ndiyo imemaliza kazi? Si hiyo kodiani?"

"Nambari ya kifuniko?" Besi alimtazama kama anayemtazama mwanafunzi mvivu. "Kifuniko kinavuliwa, kinavalishwa kingine. Ni sawa na jina lililoandikwa ndani ya koti, Inspekta. Linakwambia koti lilikuwa la nani, halikwambii aliyelivaa ni nani. Iacheni na taa leo. Kesho asubuhi nitawafungulia."

Jioni hiyo maabara ilileta majibu mawili. La kwanza: kwenye mpini wa muhuri wa Mzee Nta kulikuwa na alama za vidole ambazo si zake. La pili lilitoka kwenye bunda la karatasi za mezani. Karatasi ya juu ilikuwa imechanwa, lakini penseli ilikuwa imekandamiza, na maandishi yalisomeka kwenye karatasi ya chini yake. Kulikuwa na mistari mitatu. Inspekta aliisoma mara mbili, akamwambia Sajini akamlete Karani.

Alikuja bila ubishi, akachukuliwa alama za vidole, zikalingana na za kwenye muhuri. Alikuwa amemwacha mama yake na shangazi. Alikaa kwenye kiti kigumu, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani.

"Una haki ya kunyamaza," alisema Inspekta. "Utakachosema kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Jana ulikwenda karakana saa ngapi?"

"Saa saba."

"Fundi cherehani amekuona ukiingia mvua inaanza. Saa nane."

"Labda saa nane."

"Nani aliandika ripoti?"

"Fundi."

"Fundi aliandika 'kwa kurejea somo hapo juu'?"

Karani aliuweka sawa mkoba magotini.

"Fundi alisema amekagua ndani, na kodiani haijafunguliwa. Fundi alisema nambari inalingana, na hailingani. Alama zako ziko kwenye muhuri wake. Dada, nani aliandika?"

Karani aliangalia mikono yake.

"Mimi."

Sajini aliandika. Inspekta alisubiri. Hakuwa na haja ya kusukuma tena, na hakuwa na moyo wa kusukuma.

"Nilikwenda nichukue jibu," alisema Karani. "Mama hakuwa amelala usiku kucha, anaita jina la kaka. Nikasema leo hii nitamrudishia mwanawe. Nikamkuta mzee ameshika penseli. Akanisomea: nambari hailingani. Mimi nimefanya kazi kwenye kumbukumbu miaka ishirini na mbili, Inspekta. Kwetu nambari isipolingana, faili limefungwa. Hakuna mjadala. Nilihisi sakafu imeondoka."

"Hakukwambia urudi kesho?"

"Aliniambia. Alisema kesho, kesho, mengine kesho. Nikajua ananibembeleza. Madaktari nao wanasema hivyo hivyo. Nikamwambia, mzee wangu, andika tu kwamba ndiyo. Ni karatasi moja, mama yangu anakufa, nani ataumia? Akasema, 'Mwanangu, siandiki nisichokiona.' Nikachukua karatasi na kalamu mwenyewe. Akanishika mkono. Nikamsukuma. Alikuwa mwepesi. Sikujua kwamba alikuwa mwepesi vile."

"Halafu?"

"Akaanguka."

"Halafu?"

"Nikakaa kwenye kiti chake, nikaandika."

Kalamu ya Sajini ilisimama. Inspekta aliinamisha kichwa, akauliza swali ambalo alikuwa akiliogopa tangu asubuhi.

"Wakati unaandika, alikuwa anapumua?"

"Sikutazama."

"Dada."

"Sikutazama!" alilia. "Niliogopa nikitazama nitaacha kuandika. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilipiga mistari yangu, nikagonga muhuri, nikachana ile karatasi yake nikaenda kuichoma nyumbani. Nikamsomea mama. Akacheka, Inspekta. Miaka thelathini sijamwona mama akicheka."

Inspekta alifungua jalada, akasogeza mbele yake picha ya maandishi ya penseli yaliyoibuliwa maabara.

"Hii ndiyo karatasi uliyoichoma. Uliisoma yote?"

"Alinisomea yeye. Mstari wa kwanza."

"Isome sasa."

Karani aliisoma. Mara ya kwanza kwa macho tu, mara ya pili kwa sauti, kama asiyeamini herufi.

"Nambari ya kifuniko hailingani. Skrubu mbili ni za shaba, mbili za chuma, kifuniko huenda si chake. Nafungua kesho."

Hakupiga kelele. Alifunika uso kwa viganja na kubaki vile, mpaka Sajini alipomletea maji na kumwekea mkono begani. Sajini hakuwa na mzaha wowote usiku ule wala mchana uliofuata.

Asubuhi yake, Besi alichomoa pini kumi na nne moja moja na kuzichoma kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio, kwa kuwa kila pini ina tundu lake. Karani alikaa upande wa pili wa meza, akiwa chini ya ulinzi. Kisheria mwenye mali alipaswa kuwapo kielelezo kikifunguliwa. Inspekta angeweza kumwita shangazi awe badala yake. Alifikiri juu ya hilo usiku, akaamua kwamba mtu aliyelipia jambo kiasi hiki ana haki ya kuliona.

Mvukuto ulitoka. Nta ilikuwa imelegea vizuri, haikukatika hata punje. Besi aliinua safu ya ndimi za chuma, akaigeuza kwenye mwanga.

Kwenye mbao, kwa penseli iliyofifia, kulikuwa na mwandiko wa kuinama.

"Ni wa kwake," alisema Besi. "Wa ujanani. Sisi mafundi kila tunapofungua huwa tunaandika ndani, ili atakayekuja baadaye ajue nani amepita." Akasoma kwa sauti yake nzito iliyokuwa ikipasuka. "Shule. Kodiani ya tatu. Nimeweka ulimi mmoja mpya." Na chini yake tarehe: mwaka mmoja kabla ya ule wizi.

Sajini aliilinganisha na daftari la bohari. Shule ilikuwa na kodiani nne. Iliyopotea iliandikwa ya tatu.

"Ndiyo yenyewe," alisema Inspekta. "Mwalimu aliibadilishia kifuniko akaificha. Kaka yako hakuiba."

Karani aliangalia yale maandishi kwa muda mrefu. Alinyoosha kidole, asiguse, akakirudisha.

"Kwa hiyo angeandika mwenyewe," alisema. "Jana asubuhi. Kwa mkono wake."

Besi alikuwa ameshageukia dirishani.

Ripoti mpya aliiandika Besi, kwa penseli, mistari mitano. Inspekta aliipeleka mwenyewe, kwa sababu alikuwa ameapa kurudisha karatasi na ile ya kwanza ilikuwa sasa kielelezo cha kesi ya mauaji. Shangazi alimfungulia bila kumtazama usoni. Mama alikuwa ameegemezwa kwenye mito mitatu.

Alimsomea. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho, akiitikia kwa kichwa kila mstari.

"Hii inasema tofauti gani na ile?"

"Hakuna tofauti, mama. Mwanao hakuiba."

"Basi mbona mmebadilisha?"

Inspekta alikuwa amejiandaa njia nzima. Maneno yote yalimkimbia. Alivuta kiti, akakaa, akamwambia. Hakupunguza na hakuongeza: mzee aliyeanguka, kiti, karatasi, mvua. Alipomaliza, mama alikuwa amefumbua macho na anatazama dari.

"Aliua mtu kwa ajili yangu," alisema.

"Kwa ajili yako na ya kaka yake."

"Hapana, baba. Yule wa kwanza alikuwa ameshakufa. Ni mimi niliyekuwa nataka karatasi. Kila asubuhi namuuliza, imetoka? Kila asubuhi." Machozi yalimtiririka pembeni, yakaingia masikioni, na hakuyafuta. "Watamfunga?"

"Watamfunga."

"Nitakuwa nimeshaondoka."

Mama alitafuta mkono wa Inspekta juu ya shuka, akaupata, akaukaza kwa nguvu ambazo mtu asingedhani anazo.

"Utamwona leo?"

"Nitamwona."

"Majirani wameshajua?"

"Wameshajua, mama. Wamejaa hapo nje."

"Waache wajae," alisema. "Wewe mwambie mwanangu simfukuzi. Mwambie hivyo hivyo. Simfukuzi."